Taa ya Kazi Juu ya Meza: Mwanga wa Volti 12 kwa Mafundi na Wapiga Picha wa Kisangani

Taa ya mezani inayofaa kwa kazi za mikono na kwa picha haitambuliwi kwa ukali wa mwanga wake. Hutambuliwa kwa upande ambao mwanga unatokea, kwa ulaini wa vivuli, kwa rangi kuonekana jinsi zilivyo, na kwa mwanga kutulia bila kutetema. Ukali huja baada ya hayo, nao ndio rahisi kuupata kuliko yote. Taa ya namna hiyo mtu anaweza kuitengeneza nyumbani kwa vitu vinavyopatikana katika maduka na karakana za Kisangani, ilimradi ajue kukaza skrubu na kulehemu waya.

Mahitaji yake jijini si madogo. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, Januari hadi Desemba, na giza huingia upesi. Fundi simu wa Makiso, mshonaji wa Mangobo, mwanafunzi wa biolojia anayechora bawa la mdudu, kijana anayepaka rangi vinyago au kuunganisha redio kwa kujifurahisha, mnunuzi wa almasi anayegeuza jiwe kwa kibanio: wote hufikiwa na saa ambayo dirisha haliwasaidii tena. Ampule ya darini nayo haiwafai. Humwangazia mtu kisogoni, na kivuli cha kichwa chake mwenyewe huangukia kazi iliyo mbele yake.

Kisha kuna suala la umeme. Jiji hili lenye watu zaidi ya milioni moja hupata umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kutoka bwawa la mto Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950. Mashine zake tatu, hata zikizunguka zote, hazifikishi megawati 20. Mgawo kwa hiyo ni jambo la kila wiki, na kuna mitaa inayokaa gizani muda mrefu zaidi kuliko inavyokaa na umeme. Hata pale umeme unapokuwapo, volti zake hupanda na kushuka, na unaporudi ghafla huunguza vifaa. Kwa mwenye friji au mashine ya kusaga hiyo ni adha tupu. Kwa anayetaka taa ya kazi, hali hiyo inamwelekeza kwenye njia ambayo hata mtu mwenye umeme wa uhakika saa zote angefaidika akiifuata, nayo ni taa inayokula betri ya volti 12.

Faida ya kwanza ya betri ni utulivu wa mwanga. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na katika kila mzunguko nguvu yake hupanda na kushuka mara mbili. Ampule ya LED ya bei nafuu, isiyo na kifaa cha kutosha ndani yake cha kusawazisha umeme huo, hufuata mapigo hayo na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ingawa wapo watu wanaoumwa kichwa wakikaa chini ya mwanga huo kwa saa nyingi. Kamera ya simu huona. Kihisi chake hakisomi picha nzima kwa mara moja. Husoma mstari baada ya mstari, na mistari iliyosomwa wakati taa imefifia hutoka na giza. Hapo ndipo ilipo asili ya michirizi myeusi inayokatiza picha na video zilizopigwa ndani usiku. Mpiga picha anaweza kuipunguza kwa kuweka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, ili kila mstari upokee mapigo kamili. Lakini jenereta ndogo ya petroli haishiki mapigo 50 barabara. Huyumba kadiri mzigo unavyobadilika, na hesabu ya shata huharibika nayo.

Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, bila mapigo. LED iliyounganishwa nayo hutoa mwanga uliotulia kabisa, na kamera inaweza kutumia kasi yoyote ya shata. Jambo moja tu linaweza kuharibu faida hiyo: kile kinobu cha bei nafuu cha kupunguzia mwanga kinachouzwa pamoja na tepe za LED. Kinobu hicho hakipunguzi umeme. Huwasha na kuzima taa haraka mara nyingi kwa sekunde, na michirizi hurudi. Ni afadhali taa iwe na mistari kadhaa ya LED, kila jozi ya mistari ikiwa na swichi yake. Anayetaka mwanga mdogo huzima jozi moja.

Utulivu wa taa yoyote hupimwa kwa kalamu. Kalamu hupungwa haraka mbele ya taa usiku, macho yakitazama mahali pamoja. Chini ya mwanga uliotulia kalamu huonekana kama ukungu mmoja laini. Chini ya mwanga unaotetema huonekana kalamu nyingi zilizotengana. Kipimo hicho hakihitaji kifaa wala gharama, na kinafaa kufanyiwa kila taa ya nyumbani, hasa ile ya watoto ya kusomea.

Rangi ndiyo sehemu inayowaponza wengi zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani mpaka kesho yake. Mshonaji huchagua uzi usiku, ukashabihiana vizuri na kitenge. Asubuhi, uzi na kitambaa vinagombana. Uzi haukubadilika. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa madawa tofauti zinaweza kufanana chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwanga mwingine, ikiwa mwanga wa kwanza umepungukiwa na sehemu fulani ya rangi za upinde wa mvua.

Na LED nyeupe mara nyingi hupungukiwa. LED nyeupe kwa asili ni LED ya buluu iliyofunikwa unga wa njano. Mchanganyiko wa rangi hizo mbili ndio jicho huusoma kuwa mweupe. LED ya buluu yenye nguvu ilichukua miaka mingi kupatikana, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walioifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Unga wa njano wa kawaida, hata hivyo, hutoa wekundu mdogo. Chini ya LED duni, nyekundu ya kitenge hufifia na kuelekea udhurungi, mbao za mvule hupoteza dhahabu yake, na ngozi nyeusi ya binadamu huonekana ya kijivu kana kwamba mwenyewe anaumwa. Upungufu huu huwaumiza wapiga picha wa Afrika zaidi kuliko wengine, kwa kuwa uzuri wa ngozi nyeusi katika picha umo katika wekundu na udhurungi wake wa ndani.

Kipimo cha uaminifu wa rangi huandikwa kwenye boksi kwa herufi CRI au Ra, na alama ya juu kabisa ni 100. Jua na ile ampule ya zamani ya waya hukaribia 100. Tepe nyingi za bei rahisi ni 80 au chini ya hapo. Kwa taa ya kazi na picha inafaa kutafutwa ya 90 au zaidi. Hata hivyo, hesabu ya Ra hutokana na wastani wa rangi 8 zilizopooza. Nyekundu kali haimo. Nyekundu hiyo ina alama yake peke yake, R9, na mtengenezaji anayeiandika kwenye boksi kwa kawaida ana la kujivunia. Pasipo maandishi, macho yatumike: kitenge chenye nyekundu, kipande cha mbao na kiganja cha mkono vitazamwe kwanza juani, kisha chini ya taa.

Mbali na uaminifu kuna joto la rangi, linalopimwa kwa Kelvini. Mwanga wa 3000 ni wa manjano, wa jioni. Wa 6500 una ubuluu. Kati ya 5000 na 5600 ndipo palipo karibu na mwanga wa mchana, na ndipo panapofaa kwa picha na kwa kulinganisha rangi. Wanunuzi wa almasi, ambao maduka yao yenye michoro ya mawe kutani yalienea Kisangani tangu miaka ya 1980, hutaka mwanga mweupe wa mchana kwa sababu hiyohiyo: mwanga wa manjano huficha umanjano wa jiwe, na umanjano hushusha bei. Kosa baya kuliko kuchagua Kelvini zisizofaa ni kuchanganya. Meza ikiangazwa na dirisha upande mmoja na ampule ya manjano upande wa pili, hakuna kamera inayoweza kusahihisha pande zote mbili pamoja. Wakati wa kupiga picha taa nyingine zote huzimwa na pazia hufungwa.

Sasa ukali. Kiasi cha mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na kiasi kinachofika juu ya kazi hupimwa kwa luksi. Viwango vya Ulaya vya mahali pa kazi hutaka luksi 500 kwa kusoma na kuandika ofisini, 750 kwa kushona nguo, na 1,500 kwa kutengeneza saa kwa mkono. Namba hizo hutisha, ila umbali ndio wenye neno kubwa. Mwanga ukienda mbali mara mbili, huenea juu ya eneo kubwa mara nne, na kila sehemu hupata karibu robo ya kile ilichopata mwanzo. Taa ndogo iliyo karibu hushinda taa kubwa iliyo darini, na hii ndiyo sababu wati 8 za LED mezani zinaweza kufanya kazi ambayo ampule kubwa ya darini imeshindwa.

Taa inayoelezwa hapa ina kichwa cha bati la alumini lenye urefu wa sm 40 na upana wa sm 10. Mafundi wa madirisha ya alumini hubakiwa na vipande vya kiasi hicho kila siku. Bati lenye unene wa milimita 2 linatosha. Kazi yake si kubeba LED tu. Huzipoza pia, kwani LED inayochemka hufifia na kubadilika rangi kabla ya umri wake. Ubao au plastiki havifai kushika nafasi hiyo.

Juu ya bati hubandikwa mistari minne ya utepe wa LED wa volti 12, aina yenye LED 60 kwa kila mita. Utepe huo hukatwa kila baada ya LED tatu, mahali palipochorwa alama ya mkasi, yaani kila sm 5. Mstari wa sm 40 hivyo huwa na vipande 8 kamili. Mistari minne hutumia mita 1.6. Kwa utepe wa wati 4.8 kwa mita, jumla ni wati 7.7, na umeme unaopita ni amperi 0.64. Gundi iliyo nyuma ya utepe haiaminiki katika hewa ya unyevu ya Kisangani. Baada ya miezi utepe huanza kuning'inia. Ni vema kila mwisho wa mstari ubanwe kwa kamba ya plastiki au kipande kidogo cha bati na skrubu.

Kila mstari hulehemiwa waya zake mbili, chanya na hasi, zikienda moja kwa moja kwenye swichi badala ya mstari mmoja kulishwa kupitia mwingine. Hapo mistari yote hupata volti sawa na kung'aa sawa. Chuma cha kulehemu kisikae juu ya utepe zaidi ya sekunde mbili au tatu, la sivyo njia za shaba hubanduka. Sehemu zilizolehemiwa zikipoa hupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, kinga rahisi dhidi ya unyevu unaokula shaba hadi ikageuka kijani.

Utepe ukitazamwa wazi huumiza macho na kuchora vivuli vingi vidogo, kimoja kwa kila LED. Kwa hiyo kichwa huzungushiwa ukingo mweupe wenye kina cha sm 4 na kufunikwa kitu cha kutawanya mwanga. Kina hicho hakikuchaguliwa ovyo: kifuniko kikiwa mbali na LED kuliko nafasi iliyo kati ya LED zenyewe, vitone hupotea na uso wote hung'aa kama kitu kimoja. Karatasi ya kuchorea ramani za nyumba ni nzuri, na hupatikana kwa wachoraji na maduka ya vifaa vya shule. Kitambaa cheupe chembamba nacho hufaa. Plastiki iliyokatwa kwenye bidoni nyeupe inayopitisha mwanga ni imara kuliko vyote viwili. Bidoni ya njano ya mafuta, iliyojaa kila mtaa, isitumike hata kidogo, kwa kuwa hupaka kila kitu unjano na kufuta faida yote ya LED nzuri. Ndani ya ukingo hupakwa rangi nyeupe isiyong'aa.

Kifuniko hula karibu robo ya mwanga. Lumeni 600 za utepe hubaki kama 450, na hizo, kwa umbali wa sm 40, huipa meza kati ya luksi 600 na 800. Inatosha kwa mshonaji. Fundi wa saa au wa simu hushusha kichwa hadi sm 25 na kupata maradufu.

Betri inastahili kufikiriwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Betri ya risasi iliyozibwa, ya volti 12 na amperi-saa 7, ina uzito wa zaidi ya kilo 2 na akiba ya wati-saa 84. Betri za aina hii huharibika zikikamuliwa hadi mwisho, hivyo hesabu ya busara ni kutumia nusu, wati-saa 42. Taa ya wati 7.7 kwa hiyo huwaka karibu saa tano, muda unaotosha kazi ya jioni nzima. Paneli ya sola ya wati 20 hurudisha kiasi hicho kwa siku moja ya jua la wastani. Katika miezi ya mvua, wingu likitanda tangu asubuhi, siku mbili huhitajika. Mwenye umeme wa SNEL wa hapa na pale anaweza kuichaji kwa chaja ya dukani kila umeme unaporudi, na taa yenyewe isiguse ukuta. Hapo volti 220 hubaki ndani ya chaja iliyofungwa kiwandani, na mtengenezaji hafungui wala kulehemu kitu chochote chenye uwezo wa kuua.

Volti 12 za betri, hata hivyo, si 12 daima. Inapochajiwa hupanda hadi 14.4, na kwa kuwa utepe wa LED hauna ulinzi ila kizuizi kidogo kwa kila LED tatu, umeme unaopita unaweza kuzidi mara moja na nusu ya ule wa kawaida. Utepe hauungui hapohapo; huchemka, hufifia, na baada ya mwaka umekwisha. Dawa ni kidhibiti volti kidogo, aina inayoweza kupandisha na kushusha, kilichowekwa kwenye volti 12 au chini yake kidogo. Kidhibiti hicho pia huzuia mwanga usipungue kadiri betri inavyochoka, jambo ambalo mpiga picha atalishukuru kwani picha ya kwanza na ya mwisho zitalingana.

Fyuzi ya amperi 2 haiachwi. Hukaa kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Betri ndogo ya risasi ikigusanishwa waya zake inaweza kutoa umeme wa kuyeyusha waya na kuwasha moto nyumba ya mbao. Seli za lithiamu zinazotolewa kwenye betri mbovu za kompyuta huwavutia vijana wengi kwa wepesi na bei yake, lakini pasipo kifaa cha kuzilinda zinaweza kulipuka zikichajiwa kupita kiasi, kwa hiyo anayeanza aziache.

Uzito wa betri unaweza kugeuzwa kuwa msaada. Mwaka 1932 mhandisi Mwingereza George Carwardine alibuni mkono wa taa unaosawazishwa kwa springi, ukawa mama wa taa nyingi za mezani za leo. Springi zenye nguvu kamili ni ngumu kupata, ila kitako kizito hakina ugumu. Sanduku la mbao lenye upana wa sm 25, likibeba betri ndani yake, hufika kilo 3 au zaidi na kushikilia bila wasiwasi kichwa cha nusu kilo kilichonyooshwa sm 45. Vipande vya mvule vinavyobaki kwenye viwanda vya mbao vya Kisangani hutengeneza sanduku lisiloliwa na mchwa kwa urahisi. Pande zake hutobolewa matundu, kwa maana betri ya risasi inapochajiwa inaweza kutoa gesi inayowaka.

Mkono hutengenezwa kwa vyuma vinne vyembamba vya bapa, viwili viwili sambamba, vikiunganishwa kwa bolti zenye nati za masikio. Vyuma sambamba vina faida yake: kichwa kikipandishwa au kushushwa, hubaki kikitazama chini kwa pembe ileile. Kati ya chuma na chuma huwekwa vipete vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ambavyo hushika bila kuteleza. Jiji ambalo kwa miaka mingi lilibebwa na toleka, zile teksi za baiskeli, halikosi tyubu chakavu. Spoki zilizopindwa hufaa kushikilia karatasi ya kutawanya mwanga ili ibadilishwe kirahisi inapochafuka.

Kwa kazi ya mikono taa huwekwa upande wa mkono usioshika kifaa. Anayetumia mkono wa kulia huiweka kushoto, mbele kidogo, na kivuli cha mkono humwepuka. Uso wa taa uwe chini ya macho yake ili asiutazame moja kwa moja. Ubonyeo, mkwaruzo au kiungo kilicholehemiwa vibaya huonekana zaidi mwanga ukishushwa na kuja kwa ubavu. Fundi simu anayetafuta ufa kwenye bodi huulaza mwanga huo mpaka chini kabisa, akatazama vivuli vidogo vinavyorefuka.

Picha hudai zaidi, na Kisangani ina sababu za kipekee za kuzipiga vizuri. Katika miaka ya 1909 hadi 1915 Herbert Lang na James Chapin wa Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Marekani, New York, walipita hapa, wakati huo ikiitwa Stanleyville, kuelekea misitu ya kaskazini-mashariki, wakarudi na maelfu ya picha za wanyama, mimea na watu. Yangambi, mwendo wa kama kilomita 100 kuteremka mto, ina hifadhi ya mimea iliyokaushwa yenye sampuli zipatazo 150,000. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina kituo cha kufuatilia bioanuwai chenye makusanyo ya samaki, panya na mimea. Mwaka 2010 safari kubwa ya kisayansi ilishuka mto kutoka Kisangani hadi Bumba ikikusanya viumbe njiani. Mwanafunzi wa leo anayetaka kumwonyesha mtaalamu wa mbali panzi au jani asilolijua hana haja ya kusafirisha sampuli kwanza. Picha iliyo kali, yenye rangi za kweli na rula pembeni, hutangulia.

Karatasi ya mmea uliokaushwa, ambayo kwa kawaida ina ukubwa wa kama sm 42 kwa 28, huhitaji taa mbili za aina hii, moja kila upande, kwa umbali mmoja na kwa mteremko wa digrii 45. Mwanga wa mteremko huo hauakisiki kuelekea kamera iliyo juu. Ulinganifu wa taa hukaguliwa kwa penseli iliyosimamishwa katikati ya karatasi: vivuli vyake viwili viwe na weusi sawa na urefu sawa. Kamera nayo inapaswa kutazama chini wima. Kioo kidogo hulazwa mahali pa sampuli, na simu husogezwa mpaka lenzi yake ijione katikati ya kioo. Hapo imenyooka, na kingo za karatasi zitatoka sambamba. Kabla ya sampuli hupigwa picha karatasi nyeupe tupu ili kuweka weupe wa kamera, na shata hufyatuliwa kwa kuchelewa sekunde mbili ili kidole kisitikise simu.

Vitu vinavyong'aa, kama mbawakawa, sarafu au saa, huonyesha taa yenyewe juu ya ngozi zao kama mlia mweupe. Havihitaji mwanga zaidi; vinahitaji chanzo kipana zaidi. Karatasi nyeupe ikikunjwa kuwa mwavuli kuzunguka kitu, na taa ikaangaza karatasi badala ya kitu, mlia hugeuka mng'ao laini unaoonyesha umbo. Samaki wabichi wa maporomoko ya Wagenia ni wagumu kuliko vyote kwa sababu ya ute wao. Hupigwa wakiwa ndani ya tangi jembamba la kioo lenye maji safi, taa zikitoka ubavuni.

Kwa picha ya uso wa mtu, kichwa cha sm 40 ni kidogo lakini kinatosha kikiwekwa karibu, mbele na pembeni kidogo, karatasi nyeupe ikirudisha mwanga upande wa pili. Ngozi nyeusi hupendeza zaidi kwa mng'ao mpana uliotulia juu ya shavu na paji la uso kuliko kwa mwanga mkali wa kutoka mbele. Simu nyingi hukosea mbele ya uso mweusi uliosimama kwenye ukuta mweupe na kuutia giza. Mpigaji huigusa sura kwenye kioo ili kipimo kichukuliwe hapo.

Taa ya usiku katika jiji lililozungukwa na msitu huleta wageni. Mvua ikinyesha baada ya joto, kumbikumbi hujaa mezani kwa dakika chache. Wadudu wengi hufuata zaidi mwanga usioonekana wa urujuanimno na ule wa buluu, na LED karibu hazitoi urujuanimno, kwa hiyo huwavuta wachache kuliko zile taa ndefu za mirija. Mistari miwili ya Kelvini 3000 ikiwekwa pamoja na miwili ya 5000, kila jozi na swichi yake, ile ya manjano hutumika kwa kazi za kawaida na kupunguza wadudu zaidi. Nyeupe huwashwa kwa picha na kwa kulinganisha rangi, kila jozi ikiwaka peke yake.

Matunzo ni machache. Kifuniko hufutwa vumbi kila mwezi, na kibadilishwe kikianza kuwa cha njano. Betri isiachwe tupu hata wiki moja, kwani ndiyo njia ya haraka ya kuiua. Hata isipotumika ichajiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Sehemu zote zishikwe kwa skrubu badala ya gundi, ili mstari uliokufa ubadilishwe na taa nzima isitupwe.

Wauzaji huleta kile wateja wanachouliza, na mpaka sasa wengi huuliza wati peke yake. Anayekwenda kununua utepe aulize Ra na Kelvini, achukue kipande cha kitenge chenye nyekundu kali, aombe utepe uwashwe kwa betri palepale dukani, alinganishe rangi mlangoni penye jua na kaunta penye taa, na alipe baada ya kuona.